Mafuta, Nguvu na Panga: Tathmini ya Istilahi za Injini ya Kupachika

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kutathmini istilahi zilizotumika katika rasimu ya mwongozo wa ufundi iliyoletwa kwetu ili tuitolee maoni. Rasimu hiyo imeandikwa na walimu wa karakana moja ya mafunzo iliyoko Mbezi Luis, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Inahusu namna ya kuboresha utendaji wa injini ndogo za modeli za boti, yaani zile injini ambazo hufungwa nyuma ya chombo, zikaning'inia nje, na kutumbukiza rafadha yake majini.

Yamkini msomaji akashangaa kusikia habari za boti kutoka Mbezi Luis. Mbezi yenye bahari ni ile nyingine ya Mbezi Beach. Mbezi Luis iko bara, kando ya Barabara ya Morogoro, na siku hizi hujulikana zaidi kwa Stendi Kuu ya Mabasi ya Magufuli iliyozinduliwa mwaka 2021. Maji wanayotumia walimu hao ni ya hodhi. Hata hivyo hoja yao ni nzito. Mwanafunzi anayejifunza kwa injini ya sentimita za ujazo 3.5, inayoenea kiganjani, hujifunza kanuni zile zile zinazotawala injini ya nguvu za farasi 40 inayosukuma boti ya uvuvi huko Kunduchi, Kigamboni au katika Ziwa Victoria. Injini ndogo ikiungua, hasara yake ni fedha kidogo na somo. Injini kubwa ikizima kwenye mkondo wa maji usiku, kilicho hatarini ni uhai wa watu.

Kwa hiyo maneno yanayofundishwa katika hodhi la Mbezi Luis ndiyo yatakayofuatana na mwanafunzi hadi baharini. Hapo ndipo linapotokea jukumu letu. Kauli tunayoitetea katika makala haya ni moja: istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake wala kwa asili yake, bali kwa uwezo wake wa kutenganisha vitu ambavyo mfanyakazi hana budi kuvitenganisha. Istilahi ikishindwa kazi hiyo, haitakuwa sanifu hata ikiwa imo katika kamusi kumi.

Tuseme mapema kwamba rasimu yenyewe ni ya kupongezwa. Sentensi zake ni fupi, maelekezo yake yamepangwa kwa utaratibu wa kazi, na waandishi hawakuona haya kutumia maneno ya mafundi kama plagi, kabureta, pistoni na silinda, ambayo yamekwisha kukubalika. Kasoro tutakazozitaja ni zile zinazojitokeza katika tafsiri nyingi za namna hii, na ndiyo sababu tumeona yafaa kuzijadili hadharani.

2. Jina la kitu chenyewe

Injini za aina hii zilianza kuenea baada ya mwaka 1909, wakati Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei, alipoanza kuziuza. Katika Kiswahili hazijapata jina moja. Rasimu inaziita "injini za nje", na jina hili lina walakini mkubwa. Kwa Mtanzania wa kawaida, kitu "cha nje" ni kitu kilichotoka nchi za kigeni. Mtumishi wa forodha au ofisa wa ununuzi akisoma "injini ya nje" katika hati ya zabuni atauliza imetoka nchi gani, hatauliza inafungwa wapi. Na kwa kuwa takriban kila injini ya boti tunayoitumia hutoka nje kwa maana hiyo ya pili, jina hilo halitenganishi chochote.

Wavuvi wengi husema "mashine" tu. Wao huelewana, kwa sababu chomboni hakuna mashine nyingine. Lakini katika maandishi neno hilo ni pana mno. Wapo pia waliopendekeza "injini ya tezini", wakitumia neno letu zuri la pwani lenye maana ya upande wa nyuma wa chombo. Tungependa sana kulikubali, maana nani asiyejua kuwa tezi na omo marejeo ni ngamani? Kwa bahati mbaya, rafadha ya injini iliyojengwa ndani ya chombo nayo iko tezini, na mara nyingi injini yenyewe iko huko huko. Uzuri wa neno haujatosha.

Jina lililo bora ni "injini ya kupachika", ambalo tayari hutumika katika maandishi ya Serikali yanayohusu uvuvi. Hili latenganisha barabara. Sifa kuu ya injini hii ni kwamba hupachikwa na kupachuliwa. Mvuvi huweza kuibeba begani na kwenda nayo nyumbani asije akaibiwa. Tena neno hili lina uzazi. Kutokana nalo twapata upachikaji, kina cha upachikaji na pembe ya upachikaji, mambo matatu ambayo, kama tutakavyoona, ndiyo msingi wa kuboresha utendaji. Istilahi yenye watoto ni bora kuliko istilahi tasa.

Kuhusu chombo chenyewe, rasimu yasema "boti ya mfano". Hapa pia tuwe waangalifu. Waliopata kusikia habari za shamba la mfano, shule ya mfano na kijiji cha mfano watadhani kuwa ni boti halisi iliyotengenezwa ili wengine waige. Ilhali inayokusudiwa ni boti ndogo iliyoundwa kwa kuiga boti kubwa. Twapendekeza "modeli ya boti". Tuongeze kwamba pale modeli inapoendeshwa kwa betri, yafaa kusema "mota", na "injini" ibakie kwa ile inayochoma kitu. Mafundi wetu wengi hutenganisha hivyo wenyewe, nasi tusiwavurugie.

3. Mafuta na mafuta

Sehemu ya rasimu iliyotutia wasiwasi zaidi ni ile inayoeleza utayarishaji wa kile kinachochomwa. Waandishi, kwa nia njema ya kuepuka neno la kigeni, wameandika "mafuta" kila mahali. Matokeo yake ni maelekezo ya kuchanganya mafuta na mafuta kwa kiasi cha 50 kwa 1.

Ni yapi hamsini na ni yapi moja? Fundi mzoefu hatapotea, lakini mwongozo hauandikwi kwa ajili ya fundi mzoefu. Injini nyingi za kupachika zinazotumika kwetu ni za mapigo mawili. Injini ya namna hii, kwa muundo wake wa kawaida, haina hodhi la ndani la kuhifadhia oili kama ilivyo ile ya mapigo manne. Oili huchanganywa na petroli, huingia pamoja nayo, na njiani hupaka mafani ya silinda na fani za mhimili kabla ya kuungua. Kwa kiasi cha 50 kwa 1, lita 10 za petroli zahitaji mililita 200 za oili. Mtu akisahau oili, au akatia kitu kingine kinachoitwa mafuta, pistoni itasagana na silinda kwa chuma kikavu, itakwama, na injini itanoki. Kosa la neno moja huwa kosa la injini nzima.

Katika injini ndogo za modeli mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Nyingi kati ya hizo hazichomi petroli bali methanoli, pengine pamoja na nitromethani, na oili yake, ambayo mara nyingi huwa ni takriban sehemu moja ya tano ya mchanganyiko, aghalabu ni mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Hapa kuna kimiminika kinachochoma ambacho si mafuta hata kidogo kwa maana ya kikemia, na kuna mafuta halisi ya mmea ambayo kazi yake si kuchomwa. Kuviita vyote viwili "mafuta" ni kumfunga mwanafunzi kitambaa machoni.

Tunashauri hivi. Neno "mafuta" libaki katika lugha ya kila siku, kwa kuwa hatuna uwezo wala haja ya kuliondoa. Katika mwongozo wa ufundi liepukwe, na kila kitu kitajwe kwa jina lake: petroli, dizeli, methanoli. Kitu kinacholainisha kiitwe "oili". Twajua kwamba maandishi rasmi, yakiwemo ya mamlaka inayosimamia nishati, hutumia neno "vilainishi", nalo ni sahihi kama jina la jamii nzima, maana grisi nayo ni kilainishi. Lakini anayesimama dukani Gerezani ataomba oili, atapewa oili, na chupa itaandikwa oili. Utohoaji si aibu pale unapookoa silinda.

Hapo pana kitenzi kimoja cha kukitazama. Takriban mwaka 2010 wananchi walianza kusema "kuchakachua" kwa maana ya kughushi petroli au dizeli kwa kuitia mafuta ya taa, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uovu huo. Hakuna kamati iliyoketi kulipa neno hilo maana hiyo, na bado limefanya kazi kubwa ya istilahi: limeuchukua uchanganyaji wa haramu na kuuacha "uchanganyaji" ukiwa safi kwa ule wa halali. Umma, ulipohitaji kutenganisha, ulitenganisha.

Tukiwa bado katika habari za mchanganyiko, rasimu yasema kuwa kabureta irekebishwe ili mchanganyiko usiwe "tajiri" wala "maskini". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na kwa Kiswahili haisemi kitu. Mwanafunzi atajiuliza utajiri huo ni wa nini. Zaidi ya hayo, sifa hizo zaweza kumpotosha, kwani ni nani asiyependa kubana matumizi? Aweza kuona "umaskini" huo kuwa ni uangalifu. Kumbe katika injini ya mapigo mawili, petroli ikipungua hewa huzidi, joto hupanda, na oili inayoletwa na petroli hiyo nayo hupungua kwa wakati ule ule. Chombo huenda kikakimbia vizuri kwa dakika chache kabla ya kufa. Basi tuseme wazi: "petroli imezidi" au "hewa imezidi". Maneno mawili yanayotaja kilichozidi yanamwambia fundi ageuze skurubu upande upi.

4. Nguvu, ufanisi na utendaji

Kichwa cha sura ya pili ya rasimu ni "Kuongeza nguvu ya injini". Tulipoisoma sura yenyewe, hatukukuta mahali popote nguvu ilipoongezwa. Tulichokikuta ni maelekezo ya kuchagua rafadha, kushusha au kupandisha injini, kurekebisha pembe yake, na kusafisha sehemu ya chini ya chombo. Baada ya yote hayo, injini ni ile ile na nguvu yake ni ile ile. Kilichobadilika ni sehemu ya nguvu hiyo inayofika majini na kusukuma chombo.

Neno "nguvu" limebeshwa mzigo mkubwa mno. Katika fizikia ya shule, kitu kinachosukuma au kuvuta huitwa kani, uwezo wa kufanya kazi huitwa nishati, na kasi ya kutumia nishati hiyo huitwa nguvu. Nguvu moja ya farasi ni takriban wati 746, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 15 hutoa takriban kilowati 11.2. Huo ndio ukomo wake. Uwiano kati ya kile kinachopatikana na kile kilichotumika ndio ufanisi. Na jumla ya mambo yote ambayo mtumiaji huyaona, yaani mwendokasi, ulaji wa petroli, wepesi wa kuondoka na utulivu wa chombo, ndiyo utendaji.

Wenzetu wa Kenya wana Wizara ya Kawi pale sisi tunapokuwa na Wizara ya Nishati, na mfasiri anayefanya kazi kwa ajili ya nchi zote mbili hana budi kulitambua hilo. Tofauti hiyo ya majina haina madhara makubwa, maana kila upande una neno lake kwa kitu hicho. Madhara huja pale neno moja linapotumika kwa vitu vinne katika ukurasa mmoja.

Tofauti hii ina uzito wa fedha. Mvuvi anayeambiwa kuwa tatizo la boti yake ni upungufu wa nguvu atakopa ili anunue injini kubwa zaidi. Mvuvi anayeambiwa kuwa ni upungufu wa ufanisi atabadili rafadha au atakwangua magugu na kombe chini ya chombo. Injini kubwa kupita kiasi haitamletea faida ila petroli nyingi zaidi, na uzito tezini unaoweza kukiinamisha chombo. Kwa hiyo kichwa cha sura hiyo kisomeke "Kuboresha utendaji wa injini ya kupachika".

5. Panga, rafadha na hatua

Rasimu yasema kwamba "panga lina mapanga matatu". Chanzo cha sentensi hii ya ajabu ni kwamba mafundi huita panga kifaa kizima, na pia huita panga kila bapa lake, kama vile watu wasemavyo pangaboi kwa feni ya darini. Kamusi zetu zina neno "rafadha" kwa kifaa kizima. Wapo wanaolilaumu kuwa ni neno la vitabuni na wanaotaka "propela". Hatuna ugomvi na propela mahali inapoeleweka. Lakini rafadha ipo na haigongani na neno jingine. Twapendekeza rafadha kwa kizima na panga kwa kila bapa. Hivyo mafundi hawatanyang'anywa neno lao, ila litapewa mipaka.

Gumu zaidi lilikuwa jina la kipimo cha pili cha rafadha. Juu ya rafadha huchongwa namba mbili, kwa kawaida kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, mfano wa skurubu inavyosonga ndani ya ubao. Katika rasimu kipimo hiki kimeitwa "lami"! Neno la Kiingereza linalotumika hapa lina maana nyingi, zikiwemo lami ya barabara na uwanja wa mpira, na mfasiri, akiwa mtu au mashine ya kutafsiri, amechukua maana ya kwanza aliyoikuta. Hili ni onyo kwetu sote: mfasiri asiyejua kitu hawezi kuokolewa na kamusi.

Sisi twapendekeza "hatua ya rafadha". Ni neno la mwendo, nalo hufundisha. Tuchukue mfano wa hesabu. Rafadha yenye hatua ya inchi 10, sawa na sentimita 25.4, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ingesonga meta 762 kwa dakika, yaani takriban kilometa 45.7 kwa saa. Tuseme boti imepimwa ikaonekana inakwenda kilometa 38 kwa saa. Upungufu wa kilometa 7.7, ambao ni takriban asilimia 17, ni kwa sababu maji si ubao. Rafadha huteleza ndani yake. Upungufu huo uitwe "mtelezo". Mwanafunzi aliyepewa maneno haya mawili, hatua na mtelezo, anaweza kufanya hesabu hiyo katika hodhi na akairudia baharini. Hatua ikiwa kubwa mno, injini huelemewa na haifikii mizunguko yake, kama mtu anayepanda mlima kwa gia kubwa ya baiskeli. Ikiwa ndogo mno, injini hupiga kelele na chombo hakiendi. Aliyepewa "lami" hana pa kuanzia.

6. Mapovu ya aina mbili

Tumalizie uchambuzi na jambo ambalo ndani yake hata Kiingereza chenyewe kimepotoka. Rasimu inashauri kwamba rafadha ikitoa "mapovu", injini ishushwe. Ushauri huu ni sahihi nusu.

Kuna mapovu yanayotokea kwa sababu rafadha iko karibu mno na uso wa maji, ikavuta hewa kutoka juu. Mizunguko hupanda ghafla na msukumo hupotea. Dawa yake ni kweli kushusha injini, au kupunguza pembe ya upachikaji. Lakini kuna mapovu mengine ambayo ndani yake hamna hewa. Haya hutokea pale kanieneo ya maji nyuma ya panga inaposhuka mno hata maji yakageuka mvuke pasipo kupashwa moto. Vipovu hivyo vinapopasuka hugonga chuma na kukitoboa vijishimo vidogo kama chuma kilicholiwa na mchwa. Kushusha injini hakutibu ugonjwa huu. Aghalabu huletwa na panga lililopinda au kumegeka, au rafadha isiyolingana na kazi. Dawa yake ni kuinyoosha au kuibadili.

Magonjwa mawili yenye dawa mbili yahitaji majina mawili. La kwanza twapendekeza liitwe "uvutaji hewa", na la pili "mchemko baridi", maana ndivyo lilivyo.

Sasa, juu ya rafadha ya kila injini ya kupachika kuna bamba la bapa ambalo, kwa kanuni ya jumla, hupangwa lilingane na chini ya chombo upande wa tezi. Kazi yake ni kuizuia hewa ya juu isifike kwenye rafadha. Kwa Kiingereza, hata hivyo, kwa mazoea ya miaka mingi, bamba hilo limeitwa kwa jina la mchemko baridi, jambo ambalo halihusiani nalo. Mfasiri mwaminifu kwa maneno angeingiza kosa hilo katika Kiswahili na kulipa hati ya usanifu. Mfasiri mwaminifu kwa kitu ataliita "bamba la kuzuia hewa". Kanuni ni hii: tutafsiri kazi ya kitu, tusitafsiri jina lake. Lugha inayochelewa kuunda istilahi ina faida moja, nayo ni kuona mahali waliotangulia walipojikwaa.

7. Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, twawasilisha istilahi zifuatazo kwa walimu, wafasiri na watumishi wa idara zinazohusika ili zijaribiwe kazini:

Injini ya kupachika: injini inayofungwa tezini kwa nje na inayoweza kuondolewa.
Modeli ya boti: boti ndogo iliyoundwa kwa kuiga boti halisi.
Oili: kilainishi cha majimaji cha injini.
Petroli imezidi, hewa imezidi: hali mbili za mchanganyiko usio sawa.
Utendaji: jumla ya matokeo ya chombo kikiwa kazini.
Ufanisi: uwiano wa kinachopatikana kwa kilichotumika.
Rafadha: kifaa kizima kinachozunguka na kusukuma chombo.
Panga: kila bapa la rafadha.
Hatua ya rafadha: umbali wa kinadharia wa mzunguko mmoja.
Mtelezo: upungufu kati ya mwendo wa kinadharia na mwendo halisi.
Uvutaji hewa: kuingia kwa hewa ya juu katika rafadha.
Mchemko baridi: kugeuka maji kuwa mvuke kwa kushuka kwa kanieneo.
Bamba la kuzuia hewa: bamba lililo juu ya rafadha.

8. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu hapo orodha nyingi za istilahi zimetolewa. Baadhi zimeshika mizizi. Nyingine zimebaki makabatini. Tukichunguza, tutaona kwamba zilizoshika ni zile zilizomrahisishia mtu kazi yake. "Mwendokasi" lilikuwa neno la vitabu vya fizikia. Leo abiria wa Dar es Salaam hulitamka kila asubuhi akingoja basi, ingawa kwake limekuwa jina la basi lenyewe.

Kwa hiyo hatuwaombi walimu wa Mbezi Luis wala wengineo wazipokee istilahi hizi kwa sababu zimetoka kwetu. Wazitumbukize majini. Wamwandikie mwanafunzi maelekezo kwa maneno haya, kisha watazame kama ametia oili mahali pa oili, kama amegeuza skurubu upande unaotakiwa, na kama ameshusha injini inapovuta hewa na kuinyoosha rafadha inapochemka baridi. Neno litakalomfanya akosee lirudishwe kwetu pamoja na maelezo ya kosa lilivyotokea, nasi tutalitazama upya.